Karabini ya Askari Farasi wa Uingereza Isiyo na Chapa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Birmingham, si mbali na mtaa ambao zamani ulijaa karakana za mafundi bunduki. Kwa kuwa nina ugonjwa wa kununua vyuma vikuukuu minadani, ndugu na marafiki hunitumia picha: bunduki fupi, mbao zimeiva kwa weusi, pete ubavuni, na swali lile lile, "Hii ni ya zama gani? Haina hata herufi moja." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi majibu nimeyakusanya hapa.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Karabini ni bunduki fupi ya askari wapanda farasi. Mtutu ni bomba lake, mtambo ni ile sehemu ya ubavuni inayowasha moto, kitako ni pale pa kuegemeza begani, na mdeki ni ufito wa kushindilia baruti na risasi. Gumegume ni bunduki inayowashwa kwa jiwe. Ya fataki ndiyo iliyofuata: nyundo yake hugonga kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka.

Nimeipata leo. Nianze na nini?

Anza kwa kuhakikisha haina kitu ndani. Usicheke. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi, na zipo bunduki zilizotundikwa ukutani miaka mia moja huku zimeshindiliwa. Chukua kijiti cha mbao kirefu kuliko mtutu (mbao, si chuma), kiingize mdomoni taratibu mpaka kigote, kisha kitie alama ya penseli pale mdomo wa mtutu unapoishia. Kitoe, ukilaze kwa nje juu ya mtutu, alama ikae sawa na mdomo. Ncha ikifika karibu na kitundu cha moto, mtutu ni mtupu. Ikiishia inchi moja au mbili kabla, kuna mzigo ndani. Hapo usichokoe wala usimwage maji ukadhani umemaliza. Iweke chini, mdomo ukielekea pasipo watu, na uite fundi mwenye leseni au polisi.

Baada ya hapo chukua rula. Brashi na mafuta ya kung'arishia yaache dukani.

Nitajuaje kwamba ni ya askari farasi na si bunduki ya kawaida iliyofupishwa?

Farasi mwenyewe anakujibu. Mtu aliye juu ya tandiko ana mikono miwili tu: mmoja wa hatamu, mwingine wa upanga. Bunduki yake lazima ining'inie. Kwa hiyo tazama ubavu wa kushoto, upande usio na mtambo: karabini nyingi za Uingereza zina ufito wa chuma uliofungwa hapo, na juu yake pete inayoteleza. Askari alivaa mkanda mpana wa ngozi begani, wenye kulabu ya springi, na kulabu hiyo ndiyo iliyoshika pete. Akimaliza kufyatua aliiachia tu, ikaning'inia, naye akachomoa upanga.

Dalili ya pili ni mdeki. Ukiwa juu ya farasi anayetukutika, mdeki ukikuponyoka umekwenda, na bunduki isiyo na mdeki ni rungu. Ndiyo maana karabini na bastola za askari farasi za miaka ya 1800 zilifungiwa mdeki kwenye mdomo wa mtutu kwa vikono viwili vyenye bawaba: unachomoka, unageuka, unashindilia, unarudi mahali pake, lakini hauanguki.

Hata vitu hivi vikiwa vimepotea, alama zake hubaki. Tafuta matundu mawili ya skrubu upande wa kushoto, au mbao iliyo nyeupe kidogo kwa umbo la ufito uliokuwapo. Tazama chini ya mdomo wa mtutu: kijinundu chenye tundu ni kiti cha vile vikono. Kwangu mimi, bunduki isiyo na herufi hata moja lakini yenye matundu hayo imekwisha kusema nusu ya jina lake.

Bunduki iliyokatwa hujisaliti mdomoni. Mtutu wa zamani hupungua unene kadiri unavyokwenda mbele. Ukikatwa, mdomo unabaki mnene mno, kifundo cha kulengea hakipo au kimebandikwa upya, na kofia ya shaba ya njano mwisho wa mbao haikai sawa.

Wanaochanganya watu zaidi ni ndugu zake watatu. Karabini ya wapiga mizinga ya 1853 ina mtutu wa inchi 24 na mahali pa kufungia singe, na mdeki wake ni wa kuchomoka. Karabini ya polisi wa Ireland nayo ni fupi, lakini mwenyewe alitembea kwa miguu. Na bastola yenye kulabu ndefu ya chuma ubavuni ni ya baharia. Alikuwa akiichomeka mkandani.

Ni kweli kwamba haina chapa kabisa?

Mara nyingi si kweli. Haina chapa kwa nje tu.

Miaka michache iliyopita nilinunua karabini ya gumegume iliyoandikwa kwenye orodha ya mnada kwamba haina alama yoyote. Nikaiweka mezani, nikaitoa mtambo, nikautoa na mtutu. Chini ya mtutu, mahali ambapo msasa wa mtu fulani mwenye bidii haukufika, palikuwa na herufi mbili za aliyefua mtutu, na ndani ya bamba la mtambo herufi mbili nyingine, za fundi mwingine. Tena kulikuwa na mistari mitatu midogo ya tupa ndani ya mtambo, na mitatu kama hiyo kwenye mbao. Hiyo ilikuwa lugha ya karakana. Kabla ya mashine, kila kipande kilisuguliwa kwa mkono mpaka kikubaliane na mwenzake, na mafundi walivitia alama ili visichanganyike. Ukikuta mistari mitatu kwenye mtambo na mitano kwenye mbao, bunduki yako imeoa mara ya pili.

Kama hujawahi kufungua skrubu ya zamani, usianzie hapa. Bisibisi isiyojaa mfereji wa skrubu itauharibu, na mkwaruzo huo atausoma kila atakayekuja baada yako.

Kwa nini jina la fundi halimo kwenye mtambo?

Hili ndilo linalowasumbua wengi bila sababu. Bodi iliyosimamia silaha za serikali ya Uingereza, yenye makao kwenye ngome ya Tower mjini London, iliruhusu jina la fundi na mwaka viandikwe kwenye bamba la mtambo mpaka 1764. Baada ya hapo viliondolewa. Likabaki neno Tower, taji, na herufi za mfalme. Kwa hiyo karabini ya zama za Napoleon isiyo na jina la fundi wala tarehe haina kasoro yoyote. Kinyume chake ndicho cha kutiliwa shaka: mwaka wa 1812 ukiuona umechongwa kwa madaha kwenye mtambo wa gumegume wa jeshi, muulize muuzaji maswali mengine. Tarehe zilirudi kwenye zama za fataki, ndiyo maana unaona mitambo iliyoandikwa Tower na 1844 au 1857.

Basi nitafute alama gani, na wapi?

Tazama nyuma ya mtutu, upande wa kushoto, kwa mwanga wa tochi unaokuja kwa mshazari. Bunduki ya serikali iliyopimwa kwa baruti nzito ilipigwa mihuri miwili: fimbo mbili za kifalme zilizokingamana chini ya taji, na herufi za mfalme chini ya taji pamoja na mshale mpana. Mshale huo ni alama ya mali ya serikali, na utauona pia kwenye mtambo na kwenye mbao. Mishale miwili iliyoelekezeana ncha maana yake serikali imeiuza, si mali yake tena.

Mtutu uliopimwa na chama cha mafundi wa London una V chini ya taji, na herufi G na P zilizofungamana chini ya taji. Wa Birmingham, kuanzia nyumba ya upimaji ilipoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, una fimbo zilizokingamana zenye herufi B, P na C, au V. Nyumba hiyo ingalipo mpaka leo, na inaendelea kupima mitutu. Kumbuka jambo hili: baada ya 1813 fundi wa Birmingham hakuruhusiwa kuuza mtutu usiopimwa. Mtutu usio na alama ya upimaji juu wala chini umesuguliwa, au haukutoka huku.

Moyo uliogawanywa sehemu nne, wenye herufi za kampuni, ni wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Kuanzia takriban 1808 badala yake wakaweka simba aliyesimama. Kampuni hiyo ilikuwa na jeshi lake na askari farasi wake, kwa hiyo simba hamtoi mpanda farasi kwenye picha.

Namba 24 au 25 kwenye mtutu wa fataki si mwaka wala kikosi. Ni kipimo cha tundu: risasi ngapi za duara zenye upana huo zinatimiza uzito wa ratili moja. Ishirini na tano ni takriban inchi 0.57.

Neno Tower lipo, lakini hakuna alama nyingine. Si linatosha?

Halitoshi. Neno hilo liliuza. Mafundi wa kibinafsi wa Birmingham walilipiga kwenye bunduki walizouzia vikosi vya kujitolea, wafanyabiashara na nchi za nje, na bunduki nyingi za biashara zilizoshushwa Afrika zililibeba pamoja na taji. Tower bila mshale na bila taji la mkaguzi (muhuri wa aliyeikagua kwa niaba ya serikali) ni tangazo la biashara.

Nipime nini hasa?

Vitu viwili vitakufikisha mbali kuliko chapa zote: urefu wa mtutu na upana wa tundu lake. Urefu upimwe kutoka mdomoni mpaka mwisho wa bomba nyuma, bila kuhesabu mkia wa skrubu. Tundu lipimwe kwa kalipa, pande mbili, kwa sababu mdomo huliwa na mdeki ukawa na umbo la yai. Waingereza walikuwa na matundu matatu ya kawaida zama za gumegume: la bunduki ya askari wa miguu, takriban inchi 0.75, la karabini, 0.65 au 0.66, na la bastola, 0.56.

Sasa linganisha. Mtutu wa inchi 28 wenye tundu la karabini, na mdeki wenye kishingo kinachonasa kwenye kofia ya mbele, ni mtindo wa Eliott, uliopewa jina la jenerali aliyeunda kikosi cha 15 cha farasi wepesi mwaka 1759. Inchi 26 na tundu nene la 0.75 ni karabini ya farasi wazito ya 1796. Baadhi zilipewa mtambo wa fundi Henry Nock usioonyesha skrubu kwa nje, na ukiupata huo huna haja ya kuniandikia.

Inchi 16 ni Paget, na hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndiyo ninayoipenda. Ni kifupi mno, karibu bastola yenye kitako. Tundu ni la karabini, mdeki ni wa vikono, ufito na pete viko kushoto, na nyuma ya nyundo kuna kikomeo kinachoteleza kuizuia isianguke. Kikomeo hicho ni dalili nzuri sana, kwa sababu mpanda farasi hakutaka bunduki yake ijifyatue ikigonga goti. Ilianza kutumika takriban 1808, na jina ni la Henry Paget, kamanda wa askari farasi aliyepoteza mguu Waterloo mwaka 1815. Kulenga kwake? Wenyewe hawakuwa na matumaini makubwa: bomba fupi, tundu laini, farasi hatulii. Ilikuwa ya kupiga karibu, au ya mlinzi wa usiku kuamsha kambi.

Ukipapasa ndani ukakuta mifereji saba (michirizi inayoizungusha risasi ikitoka) na mtutu ni wa inchi 20, tulia na ukae chini. Huenda ni karabini ya fundi Ezekiel Baker, mtindo uliopewa kikosi cha 10 cha farasi wepesi mwaka 1803. Ni adimu, na nakala zake si adimu.

Kwenye fataki: inchi 26 na tundu la takriban 0.73 ni karabini ya Victoria, kazi ya George Lovell mwishoni mwa miaka ya 1830. Inchi 20 yenye tundu la karabini ni ya Lovell pia, ya askari farasi wa kujitolea wa majimbo. Inchi 21, mifereji ndani, tundu 0.577, na pete mbili za chuma zinazobana mtutu kwenye mbao, ni ya 1856. Ukikuta umbo hilo hilo lakini tundu ni laini na pana, fikiria Uhindi: baada ya maasi ya 1857 Waingereza hawakutaka tena kuwapa askari wa Kihindi bunduki zenye mifereji.

Bastola zina njia fupi zaidi. Mtindo mpya wa 1802 una mtutu wa inchi 9, tundu la karabini, na mdeki wa vikono. Askari farasi wenye mikuki waliendelea kubeba bastola za fataki za inchi 9 za miaka ya 1840.

Ni ya gumegume. Je, hiyo ina maana ni ya kabla ya 1840?

Hapana, na hapa historia yetu inaingia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaziacha za gumegume zisizo na mifereji. Matokeo yake mafundi wa Birmingham na wa Liège, Ubelgiji, waliendelea kutengeneza mitambo ya jiwe wakati majeshi ya Ulaya yalikuwa yameshahamia bunduki za magazini, na wachonga mawe wa Brandon, Suffolk, waliendelea kuuza mawe Afrika hadi karne ya 20. Gumegume la babu aliyelinunua pwani linaweza kuwa changa kuliko reli.

Kinyume chake pia hutokea: bunduki ya fataki iliyozaliwa gumegume. Tazama bamba la mtambo. Matundu yaliyozibwa, mahali palipokuwa kibakuli cha baruti pamekatwa, na kinundu cha fataki kimechomekwa ubavuni mwa mtutu: imegeuzwa. Serikali yenyewe ilikuwa ikibadili silaha zake pale moto ulipoteketeza ghala la Tower mwezi Oktoba 1841.

Hii yangu inafunguka nyuma. Ni askari farasi pia?

Huenda. Askari farasi ndio waliotangulia kuhitaji bunduki ya kupakiwa nyuma. Nyundo ubavuni na kizuizi kinachofunguka kulia kama mlango wa saa ni Snider, ambayo karabini yake ilikubaliwa 1867, na mtutu hautimii inchi 20. Wenzo chini ya mkono, bila nyundo ya nje, ni Martini-Henry. Karabini yake ni ya 1877. Wenzo mrefu juu ya mtutu unaoinuka kama mkia ni Westley Richards, na Waingereza wenyewe waliiita mkia wa nyani. Sharps ni ya Kimarekani, lakini serikali ya Uingereza ilinunua 6,000 miaka ya 1850. Hizi kwa kawaida zina chapa tele. Martini isiyo na chapa hata moja inatuelekeza kwenye swali linalofuata.

Nitajuaje kama ni nakala?

Nakala ziko za aina tatu, na mbili kati yake ni vitu vya kale kwa haki yao.

Za Liège zina herufi ELG ndani ya duara la yai. Zikiwa na taji juu, ni za baada ya 1893. Za mpaka wa Afghanistan na za Nepal zilifuliwa kwa mkono kuiga za Waingereza: mifereji haifanani upana, mistari imepinda, na chapa, zikiwapo, zina N iliyogeuzwa au taji lililochorwa na mtu asiyewahi kuliona. Za Nepal huwa na maandishi ya Kidevanagari, ambayo wengi huyadhani mikwaruzo.

Aina ya tatu ni za kisasa kutoka Uhindi, na Paget ndiyo kipenzi chao. Mara nyingi kitundu cha moto hakikutobolewa, mbao si za mti wa mjozi, vanishi imejaa pembeni, na skrubu zake zinaingia bila kelele kwenye nati ya milimita uliyoinunua jana. Skrubu ya zama za Paget haifanyi hivyo. Tena tazama kutu: ya asidi ni ya rangi moja kila mahali, hata pale ambapo mkono wa askari ungeing'arisha.

Nimekuta C na 24 kwenye kitako. Ni mwaka?

Ni kombania na namba ya bunduki. Vikosi vilichonga hivi kwenye bamba la shaba la kitako au kwenye kibamba kidogo juu ya kishikio. LD ni farasi wepesi, H ni hussars (nao ni farasi wepesi), DG ni walinzi wa dragoon (farasi wazito), YC ni askari farasi wa kujitolea wa majimbo. Basi 7 H ni kikosi cha saba cha hussars. Furahi, lakini kwa kiasi: herufi mbili zinazopandisha bei hivi, kuna wanaozichonga Jumapili mchana.

Niisafishe?

Kitambaa na mafuta mepesi ya mashine. Basi.

Je, sheria inaniruhusu kukaa nayo?

Uingereza, silaha ya kale inayowekwa kama pambo ina nafasi yake kwenye kifungu cha 58 cha sheria ya silaha ya 1968, na kanuni za 2021 zimebana zaidi: iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1939, na si ya risasi za aina zinazopatikana leo. Ukitaka kuipiga, habari nyingine kabisa. Usidhani ruhusa hiyo inasafiri kwenye sanduku lako hadi Dar au Mombasa. Kwetu gobore ni silaha na hutakiwa kibali. Ulizia polisi kabla ya kununua tiketi, si ukiwa forodhani.

Nani mwingine anaweza kunisaidia?

Jumba la Royal Armouries, Leeds, lina mkusanyiko wa bunduki za mfano, zile ambazo fundi aliagizwa azifuate, nyingine zikiwa bado na lakiri yake. Ukiandika, tuma vipimo kwanza, kisha picha: ubavu wote wawili, mtambo kwa karibu, mdomo, na chini ya mtutu kama umeutoa. Picha moja iliyopigwa sebuleni usiku na vidole vya mjomba haimsaidii mtu.

Na nikishindwa kabisa kuitambua?

Andika ulichokipima. Ile yangu ya mnadani ina kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye pete: "Karabini ya gumegume, umbo la Paget. Mtutu inchi 16, tundu 0.66. Mdeki wa vikono, kimoja si cha asili. Chapa za juu zimesuguliwa. Herufi za mafundi wawili chini ya mtutu na ndani ya mtambo. Hakuna mshale. Huenda iliuzwa kwa kikosi cha kujitolea." Neno "huenda" nililiandika kwa penseli.